Bati Letu na Mashine ya Kijapani

Watu wa Kindu wanalijua bati la Kalima. Lakini ni wangapi wajuao kwamba kwa bati hulehemiwa viungo vya ndani ya kompyuta?

Mwaka 1983 makampuni ya Japani, pamoja na Microsoft ya Marekani, yalikubali kanuni moja ya kompyuta ya nyumbani, ikaitwa MSX. Mchezo uliochezwa katika MSX ya Sony ulichezwa hata katika ile ya Sanyo. Hivyo hazina ya michezo ikakua. Metal Gear ya Konami ilitokea mwaka 1987 katika MSX2, mdogo wake.

Sisi twaisifu kwa jambo jingine. Ilipowashwa bila mchezo ndani, ilimngojea mtoto aandike amri kwa lugha ya BASIC. Aliyetaka mchezo mpya aliweza kuutunga mwenyewe. Simu za leo humpa mtoto michezo iliyokwisha kupikwa.

Basi, mtoto akiuliza ndani ya simu mna nini, msimkemee. Mwambieni mna bati kama letu, kisha mtafutieni wa kumfundisha. Achimbaye bati asijue kazi yake ni kama auzaye muhogo akanunua ugali.