Chemirocha Aingie Darasani

Mwanafunzi wa Kericho au Bomet anayesema “chambo” akikusudia “jambo” huchekwa na darasa zima, na mara nyingine mwalimu mwenyewe ndiye anayeanzisha kicheko. Sisi twaona kicheko hicho hakina msingi. Kikalenjin hakitenganishi ch na j jinsi Kiswahili kinavyofanya, na sikio lililolelewa na lugha hiyo husikia kwa kanuni zake. Tena ni kanuni hizo hizo zilizoizalia nchi ya majani chai neno lililovuka bahari na kusifika hata Marekani: Chemirocha.

Mnamo mwaka wa 1950, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet na mitambo yake. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa kwa Wakipsigis, tatu zilimtaja Chemirocha. Wa tatu, ulioimbwa na wasichana kwa ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Wajaluo, ndio uliopata sifa kuu. Tracey alieleza kwamba huyo Chemirocha alidhaniwa kuwa nusu mtu, nusu paa, na kwamba wasichana walikuwa wakimhimiza acheze na kuruka hata nguo zimvuke.

Kumbe aliyekuwa akiimbwa ni Jimmie Rodgers, mwana wa Mississippi aliyefanya kazi ya reli kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri. Hakukanyaga Kenya kamwe. Alifariki mwaka wa 1933 kwa kifua kikuu, miaka 17 kabla ya wimbo huo kunaswa. Kilichofika huku ni sauti yake tu, ndani ya santuri.

Hebu mwalimu wa lugha alitazame jina hilo kwa makini. J imegeuka ch, kama tulivyotaraji. Lakini kuna zaidi. Silabi ya kwanza imeangukia penye kiambishi ambacho kila Mkipsigis anakifahamu: Kibet ni mvulana, Chebet ni msichana, Kiplangat na Chelangat vivyo hivyo. Mgeni wa Mississippi akaingia katika orodha ya majina ya wenyeji bila kubisha hodi, tena kwa mlango wa wanawake!

Anayedhani huo ni ushamba wa watu wa milimani na akikague Kiswahili chake. Neno kitabu tulilipokea kutoka Kiarabu, tukaiona ki- ya mwanzo, tukadhani ni ya kwetu, tukasema vitabu. Amri ya Kiingereza iliyobandikwa barabarani kumtaka dereva ashike kushoto ikawa kiplefti, na wingi wake viplefti. Madigadi ya gari nayo yalizaa digadi moja. Hakuna mwalimu anayemchapa mtu kwa kusema vitabu.

Kuna filamu fupi ya mwaka wa 1929 inayomwonyesha Rodgers amevaa mavazi ya reli, akiimba nyimbo tatu na gitaa lake. Ukiitazama leo utamwona mtu wa kawaida kabisa, mwembamba, mwenye tabasamu. Yamkini wasichana wa Kapkatet wangaliiona filamu ile, paa asingalizaliwa. Sauti isiyo na uso ndiyo iliyowapa nafasi ya kubuni, na sisi hatusikitiki kwamba walibuni.

Linalotusikitisha ni jingine. Kanda za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka wa 1954. Yapata miaka 65 ilipita tangu zinaswe ndipo maktaba hiyo, kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi, ilipozirudisha kwa Wakipsigis, pamoja na picha za wakati ule. Hebu fikiri: mtu anaimba akiwa kijana, naye asisikie sauti yake mwenyewe hadi awe mkongwe, ikiwa angali hai.

Hata hivyo Tracey aliandika majina ya baadhi ya waimbaji. Picha ngapi za kale za mashamba ya chai zina bahati hiyo? Tangu miaka ya 1920, makampuni yalipoanza kupanda chai Kericho, wachuma majani wamepigwa picha wakiwa na vikapu mgongoni, na maelezo chini yake husema tu “mchuma chai”. Jina la kilima limo, na la kampuni limo. La mwanamke mwenye kikapu halimo.

Twaomba wizara na serikali za kaunti hizi mbili zihakikishe nakala za nyimbo na picha hizo zinapatikana katika maktaba za shule, si kwa watafiti peke yao. Mtaala wa sasa unatambua lugha za kiasili katika madarasa ya chini. Nyenzo ndiyo hiyo. Na maelezo ya Tracey kuhusu yule nusu paa yasikaririwe kama aya. Yapelekwe kwa wazee wayathibitishe au wayakane, maana alikuwa mgeni akitafsiriwa maneno.

Wanafunzi nao wana kazi ambayo haihitaji fedha. Picha iliyo sandukuni kwa nyanya igeuzwe, na nyuma yake yaandikwe kwa penseli majina, mahali na mwaka. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 15 Tracey alipofika Kapkatet, leo yu karibu na 90. Likizo ya Agosti inatosha kuanza.