Kulala mlimani na watoto: panga usiku kwanza

Likizo ya Juni ikikaribia, huanza maswali ya wazazi wanaotaka kuwapeleka watoto mahali pasipo na televisheni. Safari hii wapo wanaoulizia Kilimanjaro. Hawataki kufika kileleni. Wanataka kulala usiku mmoja tu kwenye vibanda vya mbao vya Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, kisha kesho yake washuke. Ni wazo zuri. Kuna watu waliozaliwa Marangu na Mamba, wanaorudi nyumbani kila Desemba na kuuona mlima kila wakifungua dirisha, lakini hawajawahi kupita getini.

Shida ninayoiona ni kwamba mipango yote huwa ya mchana. Watauliza njia ikoje, mtoto atachoka, kuna nyoka? Mchana hauna tabu kubwa. Kutoka getini hadi vibandani ni kilomita kama 8 ndani ya msitu, njia inaeleweka, mwongozaji ni lazima na wapagazi hubeba mizigo. Mtu mzima hutumia saa tatu au nne. Mtoto wa miaka tisa atasimama kumtazama kila mbega na kutupa jani kwenye kila kijito, kwa hiyo hesabu saa tano na uanze mapema. Usiku ndio unaowashinda watu.

Anza na baridi. Mandara iko mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani, joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo familia inayotoka Dar inakwenda mahali penye baridi zaidi kwa nyuzi kama 16. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi hata huko bondeni. Sweta moja la shule halitoshi.

Kanuni ninayoisisitiza ni hii: nguo za kutembelea hazilaliwi. Mtoto ametoka jasho, fulana imelowa, na jua likishazama kwenye saa kumi na mbili na nusu jasho hilo linageuka barafu mgongoni. Akifika tu, kabla ya chai, avuliwe zote mpaka soksi, avae kavu zilizofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Jinzi ziacheni nyumbani, zikilowa hazikauki. Chukua kofia ya sufu kwa kila mtu, baba pia, na begi zito la kulalia, ambalo unaweza kulikodi Moshi au Marangu. Magodoro yapo, lakini mtu usimlaze mtoto kwa kutegemea blanketi la nyumbani. Chupa ya maji ya bati ikijazwa maji ya moto, ikafungwa vizuri na kuvishwa soksi, humpasha mtoto miguu hadi usiku wa manane. Hakikisha ni ya kudumu, maana chupa za plastiki za kutupa hazikubaliwi mlimani.

Hapa nitasema jambo kwa wale watakaochagua vibanda vya watu binafsi, Lushoto au kwingineko milimani. Ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro huruhusiwi kuwasha kuni wala mkaa. Kwingine, mwenyeji mkarimu anaweza kukuletea jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto. Mshukuru, kisha litoe nje. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mkaa uliobaki mwekundu bila moshi ndio unaodanganya zaidi. Kufungua dirisha kidogo si kinga. Familia nzima inaweza kulala na isiamke.

Dalili za sumu hiyo ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kulegea. Sasa angalia: dalili za kuumwa kwa sababu ya kimo ni hizohizo. Kimo huanza kuwasumbua baadhi ya watu kuanzia mita 2,500, na Mandara imeshapita hapo. Wengi hawapati chochote usiku wa kwanza, lakini mtoto mdogo hawezi kukueleza kwamba kichwa kinagonga. Atakataa chakula, atalia bila sababu, atatapika, hatacheza. Wewe utadhani amechoka. Mtoto akiwa hivyo, mwambie mwongozaji mara moja. Asipande hatua moja zaidi, na hali ikizidi ashushwe, hata kama ni usiku na hata kama umeshalipia. Dawa ya kimo ni kushuka.

Mwenye mtoto wa selimundu asifunge safari hii kabla ya kuonana na daktari wa kliniki yake. Kimo, baridi na kupungukiwa maji mwilini vyote vinaweza kuamsha maumivu makali, na hospitali iko mbali. Najua inauma kumwambia mmoja abaki wengine wakienda. Kwa familia kama hiyo ningechagua Lushoto mjini, kama mita 1,400 tu, wote waende pamoja, bado kwa ushauri wa daktari. Wenye pumu nao wabebe dawa mfukoni, zisiwe kwenye mzigo wa mpagazi aliyetangulia.

Choo kiko nje ya vibanda. Mtoto aliyezoea swichi ya taa atakiona kiza cha msituni kama ukuta. Kila mtoto awe na tochi yake mwenyewe, na mfundishe kuiwasha kabla hamjatoka nyumbani. Mwenye mtoto mdogo abebe kindoo chenye mfuniko. Utanishukuru saa nane za usiku. Pampasi zilizotumika hurudi nanyi chini.

Malipo na masharti ya umri ulizeni hifadhini mapema, kwa sababu hubadilika. Raia wa Afrika Mashariki hulipa nafuu kuliko wageni, lakini ni kwa vitambulisho, kwa hiyo beba cha NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Vitanda pia viwekewe nafasi kabla. Msifike na watoto watatu mkitegemea huruma.

Asubuhi, baada ya uji, tembeeni hadi kreta ya Maundi, kama dakika 20 tu. Hapo msitu unafunguka na watoto wataona walikotoka. Kuna baba atakayesema, "Tumefika huku, si twende Horombo?" Horombo ni mita 3,720, elfu moja juu ya mlipolala, na si safari ya nyongeza kwa mtoto. Mama, mshike mkono mshuke.

Kushuka ni saa mbili au tatu, na ndiko vidole vya miguu huumia kwa kugonga ncha ya kiatu. Wakateni kucha siku mbili kabla ya safari. Mkifika Marangu, tafuteni mtori wa moto.