Dawa ya Shamba na Dawa ya Wodini

Mtu aliyepona kifua kikuu akianza tena kukohoa damu, sote husema maradhi yamemrudia. Mara nyingine sivyo. Huenda ikawa ni kuvu iitwayo Aspergillus fumigatus, ambayo mbegu zake zisizoonekana kwa macho huelea hewani kila mahali, na ambayo hufanya maskani katika matundu yaliyoachwa mapafuni na ugonjwa wa kwanza. Vidonge vinavyotegemewa kuitibu ni vya jamii moja, azoli.

Azoli ni mfano wa ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli. Kuvu hujenga utando wa chembe zake kwa msaada wa kimeng'enya maalumu; dawa hujipenyeza katika uwazi wa kimeng'enya hicho, ikaishika atomu ya chuma iliyomo, na ujenzi ukasimama. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walichapisha umbo zima la kimeng'enya hicho kutoka katika hamira, pamoja na dawa ikiwa imekaa ndani yake. Kazi hiyo si anasa ya wasomi. Binadamu naye anacho kimeng'enya cha ukoo huo huo, na asiyejua tofauti za maumbo hayo hawezi kuunda dawa ya kumpiga adui ikamsalimisha mgonjwa.

Mwaka huo huo wa 2014 ilitangazwa kwamba Aspergillus sugu kwa azoli imepatikana katika mazingira ya Tanzania. Kimeng'enya kikibadilika kidogo tu, ufunguo haushiki tena. Wala si lazima mgonjwa awe ameitumia dawa vibaya, lawama ambayo twapenda sana kumtwika. Azoli nyingine, kwa majina mengine, hunyunyizwa mashambani kuzuia ukungu wa mazao, na kuvu huweza kupata usugu huko kabla hatujaivuta puani.

Linalotukera zaidi ni kwamba kosa hilo larudiwa. Watafiti waliunda dawa mpya, olorofim, inayopiga kimeng'enya kingine kabisa, ambacho umbo lake ni mbali na la chetu. Ilipokuwa ingali majaribioni, mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya mashambani, ipflufenoquin, inayopiga kimeng'enya kile kile. Mwaka 2024 ilichapishwa kwamba kuvu iliyozoezwa kuihimili hiyo ya shamba, maabarani, huihimili na olorofim pia. Miaka mingi ya jasho yaweza kupotea kwa bomba la mkulima, naye mkulima hakuambiwa neno.

Visiwani petu, Kilimo na Afya ni wizara mbili zenye majalada mawili. Twaomba majalada hayo yafunguliwe pamoja. Kabla dawa yoyote mpya ya ukungu wa mimea haijaruhusiwa kushushwa bandarini, Unguja au Pemba, wakuu wa pande zote mbili wakae na kumwuliza mwagizaji: dawa hii inapiga kimeng'enya gani, na je, kuna mgonjwa anayekitegemea?