SHAMBA LA WOTE, MAVUNO YA WACHACHE

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alipoapishwa mjini Washington, karibu naye waliketi matajiri wenye makampuni makubwa ya mitambo ya kisasa: Elon Musk, Jeff Bezos, Mark Zuckerberg na wengineo. Matajiri na watawala wa Marekani wamezoea kukutana na kuzungumza habari za uvumbuzi na za maisha ya mbele ya nchi yao. Neno linalorudiwa mno katika mazungumzo hayo ni hili: Serikali isogee kando, iwaachie wenye akili na mitaji, nao watajenga.

Sisi twasema neno hilo lina ukweli, lakini ukweli wake ni wa upande mmoja.

Hatuwabezi wafanyi biashara hao. Wamekesha, wamefanya bidii, wamehatarisha mali yao. Lakini hebu tuulize: shamba walilovuna lililimwa na nani?

Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuyapa majimbo ardhi, ili thamani yake ijenge vyuo vya kilimo na ufundi. Tusisahau kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji wa asili walionyang'anywa. Mwaka 1944 sheria nyingine ikawalipia karo askari waliotoka vitani, ingawa weusi wengi walizungushwa wasiipate haki hiyo. Mwaka 1957 Warusi waliporusha Sputnik, Wamarekani walishtuka. Mwaka uliofuata Serikali yao ikaunda NASA, na pia idara ya utafiti wa kijeshi iitwayo ARPA. Ni ARPA iliyolipia mtandao wa kompyuta ulioanza mwaka 1969, nao ndio uliozaa intaneti. Mtambo wa GPS, unaomwonyesha dereva njia, ulitoka katika Wizara ya Ulinzi. Larry Page na Sergey Brin, kabla ya kufungua Google mwaka 1998, walikuwa wanafunzi wa Stanford katika kazi iliyosaidiwa na fedha za umma. Hata Tesla ya Bwana Musk ilikopeshwa na Serikali dola milioni 465 mwaka 2010, ikamaliza deni mwaka 2013.

Fedha hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Ni kodi ya mwalimu, ya fundi wa kiwandani, ya mkulima wa Iowa. Hao hawakualikwa kukaa karibu na kiti cha Rais.

Sasa tutazame yanayotendeka. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali ya Marekani ilitumia katika utafiti karibu sehemu 2 katika kila 100 za pato la taifa. Siku hizi haifiki hata sehemu 1. Mwaka 2025 Rais alipendekeza fedha za Shirika la Taifa la Sayansi zipunguzwe kwa zaidi ya nusu. Mwaka huohuo ikatangazwa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya kuajiri wataalamu wengi watokao nje. Lakini Brin alizaliwa Moscow, Musk Pretoria, na Jensen Huang, aliyeshiriki kuanzisha Nvidia, alizaliwa Taiwan!

Mkulima anayekula mbegu zake leo hushiba. Je, mvua zikianza atapanda nini?

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wamarekani wamewasifu matajiri wao hata wengine wameanza kuamini kwamba walijizaa wenyewe. Wakitaka nchi yao iendelee kuvumbua, barazani waitwe pia mwalimu, mtafiti na mlipa kodi, na fungu la mbegu lisiguswe.

Nasi wasomaji, tutakapoambiwa kwamba Marekani ilijengwa na watu wachache wenye akili, tuulize kwanza: nani aliwasomesha, na nani alilipa?

Kidole kimoja hakivunji chawa.