Nyumba Marekani kwa mkopo wenye dhamana ya serikali: kabla ya kuuza parseli huku

Katika mwaka wa hesabu wa 2016, Wakongomani walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wengi wao ni watoto wa makanisa yetu ya mashariki. Leo wamechoka kupanga na wanataka nyumba zao. Simu inapigwa Uvira au Bukavu: «Tunanunua nyumba, mtusaidie.» Ziko jamaa ambazo zinafikiri kuuza parseli ili kumsaidia mtoto. Kwa hiyo jambo hili linatugusa na sisi.

Mkopo unaotumiwa na wengi wenye akiba ndogo ni ule wa FHA, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1934. FHA haitoi feza. Benki ndiyo inayokopesha, na FHA inaihakikishia benki kwamba mkopaji akishindwa kulipa, hasara itafidiwa. Ndiyo maana mwenye alama za mkopo 580 au zaidi anaweza kuanza na asilimia 3.5 tu ya bei. Lakini dhamana hiyo inalipiwa na mnunuzi mwenyewe: bima ya asilimia 1.75 ya mkopo mwanzoni, kisha bima nyingine kila mwaka.

Hapa ndipo anapoingia wakala. Huku kwetu tunamjua komisioneri: anakuonyesha kiwanja, mnapatana kwa mdomo, anachukua sehemu yake. Kule wakala ana leseni ya jimbo, na kwa miaka mingi muuzaji ndiye aliyekuwa akilipa mawakala wa pande zote mbili. Baada ya kesi kubwa mahakamani, desturi hiyo ilibadilika tarehe 17 Agosti 2024. Sasa, kabla wakala wako hajakutembeza ndani ya nyumba, mnatia sahihi mapatano ya maandishi yanayosema atalipwa kiasi gani. Malipo hayo hayakupangwa na sheria, yanajadiliwa.

Tufanye hesabu. Nyumba ni ya dola 200,000. Asilimia 3.5 ni dola 7,000. Ukiwa umekubali kumlipa wakala asilimia 2.5, hiyo ni dola 5,000 nyingine, na huwezi kuiongeza juu ya mkopo wa FHA. Aliyejiandaa na 7,000 anajikuta anatafuta 12,000, bila kuhesabu gharama nyingine za kufunga mauzo. Muuzaji bado anaruhusiwa kumlipa wakala wako, lakini ni lazima aombwe na iandikwe. Basi swali la kwanza kwa wakala ni hili: «Muuzaji akikataa, nitadaiwa nini?» La pili: «Mapatano haya yanadumu muda gani?» La tatu: «Umewahi kuuza nyumba ngapi kwa FHA?»

Swali hilo la tatu lina uzito. Benki hutuma mthamini aliyekubaliwa na FHA kuangalia bei na usalama wa nyumba. Rangi inayobanduka katika nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuzuia mkopo mpaka itengenezwe. Tena, mthamini akikuta nyumba haifikii bei mliyopatana, mnunuzi ana haki ya kujitoa na kurudishiwa arabuni yake. Wakala mwenye uzoefu anayajua hayo. Anayetaka tu kufunga mauzo haraka huenda asikuambie.

Sasa upande wetu wa jamaa. FHA inakubali zawadi kutoka kwa ndugu, ila kwa barua inayosema haitarudishwa, pamoja na karatasi zinazoonyesha njia ya feza. Mkiita zawadi kitu ambacho kwa siri ni deni, mmeidanganya benki. Hata feza ya likelemba inakubaliwa, kama kuna daftari na risiti. Pesa ya mkononi isiyo na historia ndiyo inayoleta shida.

Vilevile, mnunuzi lazima ahamie mwenyewe katika siku 60 na kukaa humo angalau mwaka mmoja. Kununua kwa jina la binamu mwenye alama nzuri, ili mwingine ndiye akae, ni udanganyifu unaoweza kumfikisha mtu mahakamani. Na tangu tarehe 25 Mei 2025, FHA imefungia mlango wageni wasio na ukaaji wa kudumu. Asiye na kadi ya kijani apate hiyo kwanza.

Wako washauri wa nyumba waliokubaliwa na wizara ya makazi ya Marekani, na wengi wanasaidia bure au kwa gharama ndogo. Kabla parseli ya baba haijauzwa, mwambieni mtoto apite kwao, kisha awasomee kwa simu, mstari kwa mstari, kile wakala anachomtaka atie sahihi. Parseli ikishauzwa, kuirudisha ni vigumu.