Yai Lipi Apewe Mbwa? Maoni Kuhusu Kazi ya Vivumishi

Mwanafunzi wa Kismayu au wa kisiwa cha Koyama akiandika, "Mbwa apewe yai," walimu wengi watatia alama ya vema na kupita. Upatanisho umetimia, na kitenzi kimenyambuliwa ipasavyo. Sisi twaona kwamba sentensi hiyo ina upungufu, kwa kuwa nomino *yai* imeachwa peke yake, ilhali yahitaji kuvumishwa mara mbili.

Kwanza, ni yai la nani? Katika fuo za Visiwa vya Bajuni kasa hupanda usiku, akafukia mayai yapatayo 100 mchangani, akayaacha kwa muda wa miezi 2 hivi. Wabajuni, waliosifika kwa kumvua kasa kwa kumtumia samaki aitwaye chazo, wamjua vyema. Mbwa akizoea ladha ya mayai hayo, atafukua shimo baada ya shimo, na kizazi kizima kitaangamia. Basi na tutumie a-unganifu: "yai la kuku".

Pili, ni yai la hali gani? Ute wa yai bichi una avidini, ambayo hushikamana na vitamini iitwayo bayotini. Mbwa alishwaye ute huo kila siku huikosa. Yai bichi laweza pia kubeba bakteria wa salmonela, wawezao kumdhuru mbwa na wenye nyumba pia. Likiiva barabara, hatari zote mbili huondoka. Basi na tuongeze kirejeshi: "yai la kuku lililochemshwa". Kitunguu kisitiwe kamwe, kwani ni sumu kwa mbwa.

Wako watakaosema kwamba mbwa hastahili yai ilhali mtoto ana njaa. Nasi twakubali: mtoto kwanza. Wengine watataja najisi. Hata hivyo, madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi katika pwani hii, huruhusu kufuga mbwa wa kulinda mifugo na mashamba. Awekewe chombo chake, kisichanganywe na vya jikoni. Alindaye mbuzi usiku kucha ana haki ya kulishwa.

Mwalimu mtarajiwa asidhani, basi, kwamba kivumishi ni pambo la sentensi. Kikiondolewa hapa, ataumia mbwa, ataumia kasa, na huenda akaumia mtoto. Sentensi iliyo sahihi kwa upatanisho lakini yenye kudhuru kwa maana haijastahili alama ya vema.