Mgeni njoo, ila uliza kwanza

Huku Johannesburg, kila tarehe 18 Julai, Siku ya Mandela, watu huombwa kutoa dakika 67 kuwahudumia wengine, dakika moja kwa kila mwaka ambao Mzee Mandela aliutumikia umma. Vijana wenye fulana za kampuni hupaka rangi ukuta wa kituo cha watoto, hupiga picha, na jioni wamesharudi Sandton. Hakuna ubaya. Ila zipo kampuni zinazotoa kitu kinachoweza kudumu kuliko rangi: vijana wao waliotoka chuo na kuajiriwa kwa mafunzo, ambao hukaa wiki kadhaa na kikundi cha hisani wakikisaidia mahesabu, mipango au kompyuta, bila kutoza hata senti.

Nalileta jambo hili hapa kwa sababu wasomaji wetu wako pande zote mbili. Wapo wanafunzi ambao mwakani ndio watakaokuwa hao vijana wa mafunzo. Na wapo kina mama na kina baba wanaoendesha vyama vya kuzikana na vikundi vya kusaidia wagonjwa.

Jumamosi nisipokuwa zamu, najitolea katika kikundi kinachohudumia wagonjwa majumbani. Waliwahi kutujia vijana wanne, wenye adabu na bidii. Kwa wiki sita mratibu wetu, ambaye ndiye pia mtunza fedha, alipunguza kutembelea wagonjwa ili ajibu maswali yao. Wakatuachia ripoti nene kuhusu namna ya kulitangaza jina la kikundi. Tulichokuwa tunahitaji ni daftari la mapato na matumizi lililokaa sawa.

Daftari hilo si jambo dogo. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1997 inakitaka kikundi kilichosajiliwa kupeleka taarifa ya kazi na ya fedha kwa Idara ya Maendeleo ya Jamii ndani ya miezi 9 baada ya mwaka wake wa fedha kuisha. Kisipopeleka, kinaweza kufutiwa usajili. Bila usajili, wafadhili wengi hawakusikilizi. Mwisho wa yote, anayeumia ni bibi aliyelala kitandani akisubiri mtu wa kumgeuza.

Kuna mfano wa kujifunza. Mwaka 2008 kampuni ya IBM ilianzisha mpango wa kupeleka wafanyakazi wake nchi za nje kutoa utaalamu bure, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza. Mfanyakazi alikaa nchini takriban mwezi 1, lakini alijiandaa miezi 3 kabla ya safari, na baada ya kurudi akafuatilia kwa miezi 2. Muda mrefu zaidi ulikuwa wa maandalizi.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona asiposema anaumwa wapi. Basi nyinyi mnaoongoza vikundi, andikeni tatizo lenu kwenye karatasi moja kabla wageni hawajafika. Chagueni kazi moja tu. Ulizeni nani ataiendeleza wao wakishaondoka. Kama hamna mtu wa kukaa nao, shukuruni na mwaombe waje wakati mwingine. Ushauri wa bure hulipwa kwa muda wenu.

Nawe kijana wa mafunzo, wiki ya kwanza fuatana na anayeifanya kazi, umwone anavyoifanya. Usiwaachie programu ambayo ni wewe tu unayeijua. Wodini kwetu hakuna muuguzi anayevua sare kabla ya kukabidhi zamu, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, mpaka anayeingia aseme ameelewa. Ondoka hivyo hivyo: yule mratibu alifunge hesabu ya mwezi mwenyewe, nawe umeketi pembeni umekunja mikono.

Tukutane toleo lijalo.